Namna ya Kujaza Kifua kwa Mtu Aliyekulia Mugunga

Goma, Jumapili, jioni. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika wakati wa misa, na sasa mlima wetu wa volkeno umejitoa wote mawinguni, hata moshi wake unauona ukiwa umekaa barazani. Nina furaha ya kijinga leo. Nimekuwa nikicheka peke yangu tangu turudi nyumbani, na mume wangu ameniuliza kama ni dawa.

Si dawa. Leo, mimi mama wa binti aliye sekondari, nimejifunza kuvuta pumzi.

Wanaosoma ukurasa huu tangu mwanzo wanajua habari ya titi langu la kushoto. Kwa aliyefika leo: ni saratani, imekwisha kukatwa, nimekwisha kutundikiwa dawa, nywele zilitoka na sasa zimeanza kurudi zikiwa laini kuliko za zamani. Kilichobaki ni mionzi. Hapa kwetu mashine ya mionzi hakuna, kwa hiyo ni kuvuka mpaka na kwenda Kigali.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa matayarisho. Wanakulaza chali juu ya kitanda kigumu, mikono juu ya kichwa, wanakuchora alama ndogo kwenye ngozi ili kila siku walenge pale pale. Kisha daktari akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, mimi fundi wa nguo ambaye nimepima vifua vya nusu ya wanawake wa mtaa wa Keshero. Titi la kushoto limelala jirani na moyo. Mionzi ikipita hapo, moyo nao unapata fungu lake. Lakini mgonjwa akivuta hewa nyingi na kuishika, mapafu yanajaa, kifua kinainuka, na moyo unasogea mbali na njia ya mionzi. Mashine inapiga wakati huo tu. Ukiachia pumzi inasimama, unapumzika kidogo, mnaanza tena.

Nilipenda sana kusikia hivyo. Kumbe moyo unaweza kuombwa usogee, nao ukasogea.

Na wangu unahitaji kusogea, kwa sababu zile dawa za kutundikiwa ziliuchosha. Nikipanda kutoka ziwani hadi nyumbani siku hizi nasimama njiani na kujifanya natazama simu. Daktari alisema kwa upole kwamba moyo huu tusiuongezee mzigo mwingine.

Basi wakanijaribu. Juu ya uso wangu waliweka kioo kidogo chenye mstari unaopanda na kushuka kadiri ninavyopumua, na juu yake kuna ukanda wa kijani. Kazi yangu ni kupandisha mstari uingie kwenye kijani na ukae humo bila kutetemeka. Wote wakatoka, mlango mzito ukafungwa, taa zikapunguzwa, nikabaki peke yangu na sauti ya Solange, fundi wa mashine, ikitoka kwenye spika ukutani.

"Maman, vuta hewa. Jaza kifua. Sasa shika."

Nikashika. Mstari haukufika hata karibu na kijani.

Solange aliingia, akanionyesha kwa kifua chake mwenyewe, akatoka. Nikashika tena, mstari ukakaa chini vile vile. Akaingia, akatoka. Kila mara nilimwambia ndiyo, nimeelewa, na kwa kweli nilikuwa nimeelewa. Kichwa changu kilikubali kila kitu. Kifua ndicho kilichogoma: kila nikisikia "shika", kilionja hewa kidogo tu juu juu, midomo ikajibana, mabega yakapanda masikioni, basi.

Daktari alinipa hadi Jumanne. Rudi nyumbani ukajizoeze, alisema, na ikishindikana tutakutibu hivyo hivyo, kwa sababu saratani haiwezi kusubiri. Ila moyo utapata sehemu yake. Nilirudi Goma nikiwa nimenuna, na pale mpakani yule askari aliyezoea kunitania alinitazama mara moja akanipisha bila utani.

Sasa nimweleze mume wangu, Papa Grâce, kwa asiyemjua. Ni mtu wa Butembo, anauza maharage kwa jumla, na anaamini hakuna kitu duniani kinachoshindikana ukikipangia ratiba. Kufika Jumatano alikuwa amegeuza chumba changu cha kushonea kuwa hospitali. Mimi nalala juu ya meza ya kukatia, mikono juu ya kichwa. Yeye anasimama nje ya mlango na ile chupa iliyokatwa tunayomiminia mafuta, anaiweka mdomoni, na sauti inatoka ya mtu wa redio: "Maman Grâce, shika pumuzi."

Metre ilikuwa wazo langu. Ni ule utepe wangu wa kupimia, wa kwanza kabisa, nilioanzia ufundi, ambao namba zake za mwanzo zimefutika. Nilimwambia auzungushe kifuani, chini ya kidonda, aache ncha zipishane bila kufunga. Kifua kikijaa, ncha zitasogea. Hilo nalijua vizuri, maana wanawake wote ninaowapima hufanya kinyume chake. Metre ikigusa tu, mama wa watu anaingiza tumbo, anabana mbavu, anataka gauni la msichana aliyekuwa zamani. Kazi yangu maisha yote imekuwa kuwaambia pumua, mama, pumua, usije ukashindwa kukaa kanisani.

Na mimi nikalala pale, metre haikusogea hata uzi mmoja.

Papa Grâce alisema labda metre ndiyo mbovu. Akajizungushia mwenyewe, akalala mezani, akavuta hewa kwa nguvu za mtu anayenyanyua gunia. Kifua kilibaki palepale, tumbo ndilo lililopanda, na kifungo cha shati kikaruka kikaenda chini ya cherehani. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta wa mbao. Hata hivyo alikataa kuacha, na tulifanya mazoezi asubuhi, mchana na kabla ya chakula cha jioni.

Ijumaa nililia. Naandika wazi kwa sababu shajara isiyoandika hivyo haina kazi. Niliogopa. Nimetoka mbali na ugonjwa huu, nimeuza cherehani ya pili, nimepoteza nywele na kucha, halafu nishindwe na pumzi, kitu ambacho hata mtoto mchanga anakifanya bila kufundishwa. Sitaki kupona titi nikaanza kuugua moyo. Nataka kumshonea binti yetu Grâce gauni la harusi, na nataka kucheza kwenye harusi hiyo, si kukaa kwenye kiti nikipepewa.

Leo baada ya misa tulipanda pikipiki mbili kwenda Mugunga kumuaga mama yangu.

Mama alizaliwa Kalengera, kule barabara ya Rutshuru. Aliikimbia vita kwa miguu, mimi nikiwa mgongoni, akafika Mugunga akapata kipande cha mawe ambacho hakuna aliyekitaka, akajenga nyumba ya mbao juu yake. Hapo nimekulia. Kambi za wakimbizi zimekuja na kuondoka mbele ya mlango wake, na yeye bado yupo, anauza ndizi za kuiva na anawasema wapita njia wasiosalimia. Habari ya Kigali haimpendezi. Anadhani mashine itanibabua kama mahindi.

Tulikula maharage na sombe, yale majani ya muhogo, na kabla sijanawa mikono Papa Grâce akatangaza kwamba wakati wa mazoezi umefika. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mwanamume aliyebeba metre yangu na chupa yake ya mafuta mpaka Mugunga. Nikalala kwenye godoro la mama. Metre ikazungushwa. Mkwe wa mama yangu akatoka nje, akatoa sauti yake ya redio.

Nikashika pumzi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa maganda ya ndizi. Alinitazama kwa muda, kichwa upande mmoja, kisha akaanza kucheka kwa sauti ndogo, bega likimtetemeka.

"Ile haiko kujaza kifua, mutoto wangu," akasema. "Ile ni ya kupita mu mazuku."

Niliachia pumzi nikakaa.

Kwa wasio wa huku, mazuku ni upepo mbaya. Unatoka ardhini, kwenye mawe ya volkeno, unalala kwenye mabonde madogo na mashimo. Hauna rangi wala harufu. Mbuzi anashuka kula majani, anapiga magoti, hainuki. Mtu vivyo hivyo. Nyuma ya nyumba ya mama kulikuwa na bonde la namna hiyo, na siku hizo njia ya kwenda barabarani ilipita pembeni yake. Kila mama wa pale alikuwa na sheria zake. Ya mama yangu ilikuwa hii: usishuke kamwe, usiiname, usichezee pale asubuhi; na tukipita kando, anakubana mkono, anasema "Funga," na wewe unafunga. Aliamini kwamba anayevuta hewa nyingi ndiye anayeanguka. Kwa hiyo unaonja kidogo juu juu, unabana midomo, unainua mabega ili uwe mrefu, unatembea hadi ng'ambo. Sijui kama wataalamu wangeikubali sheria hiyo. Najua nilipita pale miaka yote ya utoto na bado nipo.

"Nilikufundisha bien," mama akasema. "Hata leo haujasahau."

Nilikaa kwenye lile godoro nikiona maisha yangu yote yamepita na kifua kimebanwa. Mlima ulipolipuka mara ya mwisho, tukaambiwa tuhame mji, nilitembea kuelekea Sake na kitenge kilicholowa mdomoni, majivu yakianguka, watu wakinong'ona kwamba gesi itatoka ziwani. Nilipumua juu juu. Siku waasi walipoingia mjini tulilala sakafuni chini ya meza ya kukatia, hiyo hiyo ya mazoezi, na kila buti zilipopita nje nilishika pumzi ndogo, ndogo kabisa, ili hata ukuta usisikie. Tangu hapo sijui kama niliwahi kuiachia. Na kule Kigali, umelazwa chali, taa zimepunguzwa, mlango umefungwa, sauti inakuamuru ushike. Kifua changu hakikuwa kikaidi. Kilikuwa kinaniokoa, kwa njia pekee kinayoijua.

Naomba radhi kwa kifua changu. Nilikisema vibaya wiki nzima.

Nilimuuliza mama: tukishavuka, ulikuwa unafanya nini? Maana nilikumbuka kuna kitu, nikawa sikishiki. Mama alinawa mikono, akajifunga kitenge, akatuambia tumfuate.

Lile bonde limezungushiwa mawe na miiba sasa, na mama alitupitisha mbali nalo, kwa njia ya juu. Ng'ambo kuna jiwe kubwa jeusi, limeinuka kuliko nyumba, limelala kwa ubapa juu kama meza. Nilipoliona tu miguu ilikumbuka. Hapo ndipo tulipokuwa tunapanda. Hapo mama alikuwa anakuachia mkono, anakugeuza uangalie ziwa, na kukuambia maneno yale yale kila siku.

"Umeisha vuka," akasema leo, mkono wake mgongoni kwangu. "Sasa vuta."

Nikavuta.

Sijui niandikeje. Hewa iliingia, nikangoja ifike pale inapoishia siku zote, haikuishia. Iliendelea. Ilifika kwenye mbavu ambazo nilikuwa nimesahau kama ninazo, hata kidonda kilivutika kikauma kidogo, maumivu mazuri. Papa Grâce, aliyekuwa ameshika ncha za metre nyuma yangu, alisema kitu kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, ambacho hawezi kukisema mbele ya padri.

Metre ilikuwa imesogea. Imesogea sana.

Basi mwalimu wa ratiba akaingia kazini. Mama alitandika kitenge juu ya jiwe, nikalala chali, mikono juu ya kichwa kama Kigali, jua usoni. Mama anasema umeisha vuka, sasa vuta. Ninavuta. Papa Grâce anasema shika. Ninashika, metre inabaki pale ilipofika, haitetemeki. Tukarudia tena na tena. Mwanamke mmoja alipita chini na gunia la makaa mgongoni, akatuona, akasimama.

"Huyu mama amekufa?" akauliza.

"Hapana," Papa Grâce akajibu. "Anasoma kupumua."

Yule mwanamke alifikiri kidogo, akasema si vibaya, akaendelea na safari yake.

Nilikuwa nataka kuondoka hapo, nimeridhika, ndipo mama akasema anataka kujaribu. Kwa utani tu, alisema, aone binti yake anateswa namna gani. Akalala juu ya kitenge chake, akavuta sketi vizuri ifunike magoti, akafumba macho. Nikamzungushia metre. Nimemshonea mama nguo tangu nilipojua kushika mkasi, na kipimo chake cha kifua sijawahi kukiuliza, nakijua kwa kichwa, hakijawahi kubadilika.

"Vuta, mama," nikasema.

Akavuta. Mabega yalipanda masikioni. Midomo ikajibana.

Metre haikusogea.

Nilimtazama. Mama alikuwa bado amefumba macho, uso umetulia, akiamini kabisa kwamba ameshajaza kifua chake. Nikaelewa ni kwa nini kipimo chake hakijabadilika. Kila siku alituvusha mimi na ndugu zangu, mmoja mmoja. Alitubana mkono, akatufikisha kwenye jiwe, akatuachia, akatugeuza tuone ziwa, akasubiri tumalize kuvuta hewa. Kisha anarudi kumchukua mwingine. Yeye hakuna aliyemwambia kitu.

Nikamwekea mkono mgongoni, pale kati ya jiwe na kitenge, kama alivyoniwekea.

"Umeisha vuka, mama," nikamwambia. "Sasa vuta."

Mwanzoni hakufanya chochote. Kisha pua zilitanuka. Mbavu zake, hizo mbavu nyembamba, zilifunguka pole pole juu ya vidole vyangu, na utepe ukaanza kuteleza, ukateleza, ukapita namba ninayoijua. Alifungua macho akanitazama kwa mshangao, bado ameshika, hataki kuiachia. Alipoiachia alicheka, na machozi yakamtoka yakaingia masikioni, akayafuta akisema ni jua. Papa Grâce aligeuka akaangalia ziwa kwa bidii sana.

"Na mimi wanipeleke kwa ile mashine?" mama akauliza.

Nikamwambia hapana, yeye hana kazi huko. Aliudhika kidogo.

Nimemwachia metre. Ninazo nyingine, mpya, zenye namba zote, lakini ile anaijua. Alijivisha shingoni kama fundi na kutusindikiza hivyo hadi kwenye pikipiki, akimsimulia kila jirani kwamba yeye naye anaumwa, na kwamba binti yake amempa kazi. Hofu ya kubabuliwa kama mahindi sikuisikia tena. Alisema tu nimsalimie huyo Solange.

Nitamsalimia. Na nitamwomba kitu kimoja. Nitamwambia, mwanangu, kabla hujasema vuta, kabla hujasema shika, niambie kwanza kwamba nimekwisha kuvuka. Atafikiri mama huyu wa Goma ana mambo. Lakini ni mpole, atasema.

Mkoba wangu uko mlangoni. Kesho asubuhi tunavuka mpaka, na Jumanne nitalala nyuma ya mlango mzito, chini ya taa hafifu. Bado naogopa, lakini si kama Ijumaa.

Nilipokuwa naandika hapo juu, mama amepiga simu. Hajasalimia hata, na hiyo si kawaida yake.

"Imesogea tena," amesema, akakata.